Kuambiwa urudie siyo kukataliwa

Mwanangu, mama angu,

Nimeisoma meseji yako ya jana usiku mara tatu, ile uliyoandika ukiwa kwenye mwendokasi unarudi Kimara kutoka kwenye usaili wa kuigiza huku unalia. Unauliza, "Baba, dairekta kaniambia nirudie sini ileile kwa sauti ya chini kama sitaki watu wa chumba cha pili wasikie, mi nikamuomba msamaha alafu nikarudia vilevile, ndo nimeshafeli?" Nilicheka kidogo, usinune, nimecheka kwasababu mi baba yako niliharibu zaidi yako.

Anayekukataa anasema asante tutakupigia, mwite mwenzio. Sasa wewe unasema mlikuwa foleni hadi nje ya geti, mtu akiacha foleni ile akakupa maelekezo mapya ujue kuna kitu kakiona, anachotaka kujua ni kama unaelekezeka, maana siku ya kushuti jua linazama na jenereta inakunywa mafuta, hana muda wa kubembelezana na mtu anayejua kusema maneno kwa namna moja tu. Kwahiyo mara ya kwanza hukukosea. Ulipokosea ni pale ulipopewa nafasi ya kunong'ona ukaitumia kuomba radhi.

Mi nilikuwa mwaka wa pili Bagamoyo, enzi hizo bado ni Chuo cha Sanaa, hii TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ilikuja 2007. Wakaja watu kutafuta sauti za mchezo wa redio, nikapewa mzee anayemfukuza mkwewe. Nikanguruma weee, wenzangu dirishani wanapiga makofi. Yule mama aliyekuwa anatusaili akasema haya, sasa mfukuze huku unampenda. Basi badala ya kujaribu nikaanza kumuelewesha kwanini mzee wa aina ile hawezi kumpenda mkwe, nikamtolea na ukoo wa mzee, nimesoma bwana! Akanisikiliza mpaka mwisho, akafunga faili, akasema asante. Nafasi akapewa jamaa ambaye r na l zilikuwa zinamchanganya mpaka kesho.

Nadhani tatizo lako liko kwenye kukariri. Nakujua, unakariri kwa sauti, na mstari ukishaingia na mlio wake hautoki tena, ndo maana ukaambiwa punguza ukarudia wimbo uleule. Kariri maneno makavu kama unasoma risiti ya luku. Yakishakaa yaseme unaosha vyombo, yaseme unawahi gari, yanong'one mtoto kalala. Ukifika pale wakitaka namna yoyote utakuwa nayo.

Alafu hiyo sini ya msichana anaomba hela ya dawa kwa mjomba wake, unasema ulilia toka mstari wa kwanza. Mama, we umewahi kuona mtu mwenye shida kweli akiomba hela? Halii. Anauliza kwanza watoto hawajambo, anasifia kochi jipya, anazungukaaa, anashika mkoba anauachia, machozi anayabana kwasababu anaona aibu. Kubana ndo kunamuumiza anayetazama.

Ukisahau mstari usiseme "sori", baki humohumo, mwangalie mwenzio, vuta pumzi, ukikwama kabisa sema tu "mstari" utapewa. Na yule kijana anayekusomea upande wa mjomba, hata kama anasoma kama tangazo la msiba, msikilize na umjibu yeye, usimkodolee macho dairekta. Wakikwambia utume video, simu ilaze kwa ubavu, kaa uso kwenye mwanga wa dirisha, ukuta nyuma uwe mtupu, na zima feni, feni inasikika kuliko unavyodhani.

Kusubiri majibu, tuma meseji moja ya kushukuru basi. Usipige piga, na status za mafumbo uache, wanasoma wale.

Kuna hili nalisema kama baba, na mama yako kasema nisilizungushe. Usaili haulipiwi, akitaka hela ya fomu ondoka. Na usaili haufanyiki gesti saa mbili usiku wewe peke yako, hata awe na jina kubwa vipi. Rushwa ya ngono ni kosa, ipo kwenye sheria ya kuzuia rushwa ya 2007, na TAKUKURU wanaoisimamia wana namba 113 ya bure, iseve sasaivi kabla hujamaliza kusoma. Ukienda usaili tutumie mahali ulipo, hutakuwa mtoto kwa kufanya hivyo.

Jumamosi ukija Moro njoo na zile karatasi mbili za sini. Mama yako anasema yeye ndo atakuwa mjomba, na kochi litasifiwa kweli maana limebadilishwa kitambaa. Na urudishe ufunguo wa stoo, uliondoka nao toka Idi.

Baba