Je, zinki na seleniamu hulinda ini la mgonjwa wa TB?

SWALI: Mama yangu ana miaka 58, yuko wiki ya tatu ya dawa za TB. Jirani alimwambia dawa hizo huharibu ini, akamletea chupa ya vidonge vya madini. Kila kidonge kina zinki miligramu 50 na seleniamu mikrogramu 200. Anameza viwili kila asubuhi pamoja na dawa zake, kabla ya kula. Vinamkinga kweli? Tangu juzi chakula kinamchefua.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Tuanze na kichefuchefu, maana hakisubiri. Mtazame mama macho kwenye mwanga wa mchana. Mkojo wa rangi ya chungwa usikutishe, hiyo ni rifampisini, mojawapo ya dawa zake za TB. Lakini weupe wa macho ukigeuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, akawa anatapika au anaumwa chini ya mbavu za kulia, asimeze dozi nyingine. Mpelekeni kliniki siku hiyohiyo. Hata bila hayo, apimwe damu kesho. Vimeng'enya vya ini vikizidi mara 3 ya kikomo cha kawaida naye ana dalili, au mara 5 hata kama hana, dawa husimamishwa, kisha vikishuka hurudishwa moja moja. Uamuzi huo ni wa kliniki.

Sasa hiyo chupa. Seleniamu ni sehemu ya kimeng'enya kinachopunguza sumu ndani ya seli za ini, na panya waliopewa kabla ya paracetamol nyingi waliumia ini kidogo kuliko wenzao. Wazo limetoka huko. Kwa binadamu anayetumia isoniazidi na pirazinamidi, dawa nyingine za TB, ushahidi hautoshi kuyaita madini haya kinga.

Na kipimo chenyewe ni kikubwa mno. Mwanamke huhitaji zinki miligramu 8 kwa siku, kikomo 40. Mama anameza 100. Zinki nyingi kwenye tumbo tupu huleta kichefuchefu, yaani dalili ileile tunayoitegemea kugundua ini linaumia! Ikiendelea kwa muda mrefu hupunguza madini ya shaba mwilini na kuleta upungufu wa damu. Seleniamu yake, mikrogramu 400, imefika kikomo kabla hajala samaki. Ikizidi, nywele hunyonyoka na kucha hukatika.

Aviache. Vitamini B6 aliyopewa kliniki aendelee nayo, ingawa inalinda neva, si ini. Mgonjwa anayetumia pia dolutegraviri, dawa ya kupunguza makali ya VVU (ARV), awe mwangalifu zaidi: zinki huizuia isifyonzwe, kwa hiyo ARV imezwe saa 2 kabla ya madini au saa 6 baada yake.

Kinachoepusha madhara ni kuacha pombe na mitishamba, kutozidisha paracetamol, na kupima homa ya ini B. Mkienda kliniki, bebeni na hiyo chupa.