Ulizeni kwanza nani atakiazima

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Ukienda kambini unabeba chombo gani cha kulia: plastiki, bati au chuma cha pua?", limenigusa pabaya. Chombo ni chombo. Ulizeni nani atakiazima.

Nilibeba mizigo Kilimanjaro miaka sita, zaidi njia ya Machame. Sisi wagumu, ndivyo wapagazi tunavyoitwa mlimani, hatukuwa na habari ya sahani. Ugali unapinduliwa kwenye sinia, mnanawa, mnalizunguka. Kilicho chako ni kikombe tu. Usipokuwa nacho unamsubiri mwenzako amalize, na kwa baridi ya kambi ya Barranco zamu yako ikifika chai imeshakuwa maji ya mtungini. Changu kilikuwa cha plastiki, kijani, nilikinunua Mbuyuni pale Moshi. Chepesi. Nilikifunga kwa kamba ubavuni mwa begi.

Siku hiyo tuko kambi ya Karanga. Aliyepita njia ile anajua kwamba hapo ndipo maji ya mwisho. Kambi inayofuata, iitwayo Barafu, maji hakuna, mnayapandisha wenyewe. Nikashuka bondeni na madumu mawili, nikapanda nayo nahema, nikamkuta msaidizi wa mpishi kachuchumaa mlangoni mwa hema la jiko. Miaka hiyo tukipikia mafuta ya taa. Anajaza stovu, anapimia kwa kikombe changu.

"Usijali mgumu, nakisuuza."

Akakisuuza. Na mimi nikakisuuza, kwa sabuni ya unga, mara tatu. Nyumbani ningekisugua kwa jivu, lakini hifadhini kuni ni marufuku, jivu utalitoa wapi? Nikachukua mchanga. Nadhani hapo ndipo nilipokimaliza, maana kilijaa mikwaruzo na harufu ikapata pa kukaa. Kesho yake Barafu, mita 4,600 na ushei, maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, chai haikolei, majani yanaelea tu juu. Ladha iliyokolea ilikuwa moja. Niliinywa yote kwa sababu ilikuwa ya moto, nikacheua mafuta ya taa usiku kucha. Wenzangu hemani walinikataza kuwasha kiberiti.

Sasa nikiandika haya naona nimeshalijibu swali lenu bila kukusudia. Kingekuwa cha bati, kingeoshwa mara moja mambo yakaisha. Basi bati. Ila lina tabia zake: linaunguza midomo, na likigonga jiwe ile rangi inabanduka, pakiachwa na unyevu panaota kutu. Likaushe kabla ya kulipakia. Chuma cha pua hakina shida hizo, lakini bei yake wengine tunaisikia tu, na kikionekana kambini ndicho kitakachoazimwa na kila mtu, tumerudi pale pale.

Yule msaidizi sina kinyongo naye. Alikuwa na giza linamwingilia na watu kumi na tano wa kulisha. Hata mimi ningeshika kilichokuwa karibu.

Mwanangu anakwenda kambi ya skauti Desemba. Nimemnunulia cha plastiki, ndicho nilichokiweza, nikamwandikia jina kitakoni kwa msumari wa moto. Nimemwambia asimwazime mtu. Atawaazima tu, namjua.