Je, Naivasha bado kuna bass?

Swali: Mwanangu wa miaka 12 anataka kuvua kwa ndoano Ziwa Naivasha. Enzi zangu nilipata bass pale. Bado wapo? – Mzazi, Nakuru

Jibu: Wapo, mzee wangu, ila usimwahidi kijana. Bass waliletwa kutoka Marekani mwaka 1929. Siku hizi nyavu hujaa carp, walioanza kuonekana 2001. Huyo hufukua tope akitafuta chakula, maji yanachafuka, na bass huwinda kwa macho.

Juzi nilikaa tangu alfajiri na donge la ugali kwenye ndoano: carp wawili, bass hata mmoja. Ukande ugali mpaka usigande vidoleni, la sivyo unayeyuka majini. Kateni leseni kwanza. Tena kaeni mbali na mafunjo. Viboko wa pale hawana utani.