Mstari mweupe katikati ya kioo cha TV ya chogo
Pole ndugu. Kama sauti ipo ila picha imejikunja ikabaki mstari mmoja wa kulala, usikubali kuambiwa kioo kimekufa. Mstari kuwaka maana yake kioo ni kizima. Kilichogoma ni sehemu inayotandaza picha juu na chini.

Kwanza punguza mwanga, au bora uizime kabisa. Mstari huo ukikaa unaunguza kioo na kuacha kovu lisilofutika.

Siku ya kumpelekea fundi, iwashe kidogo na ugonge ubavuni taratibu. Picha ikifunguka ghafla kisha ikajifunga, karibu kila mara ni lehemu iliyoachia. Mwambie aanzie kwenye miguu ya aisii ya vatiko (chipu inayotandaza picha juu na chini), ile iliyofungwa kwenye bati la kupoozea. Joto hupasua lehemu pale, ukimulika unaona kaduara chembamba kuzunguka mguu. Lehemu ikiwa salama, apime kapasita za jirani (vifaa vidogo vya kutunza chaji), hasa zilizovimba kichwani, ndipo afikirie kubadilisha aisii.

Mfuniko wa nyuma usiufungue mwenyewe, tafadhali. TV ya rangi hufika volti 20,000 na zaidi, na kioo hubaki na chaji hata ukishachomoa waya ukutani.