Nilichora mzabibu, wazee wakasema nimechora kuni

Mbukwenyi wakuu.

Mleta uzi, umeuliza muumini afanyeje ili imani yake ionekane kwenye picha na mashairi bila kugeuka mahubiri, ukatuwekea na mfano wako: mwanakondoo kwenye majani mabichi, chini yake beti tatu zinazosema Mungu ni mkuu, Mungu ni mwema. Wengi wamekusifu. Mimi ni mchora mabango hapa Dodoma, mwaka wa kumi na nne huu. Nimechora kuanzia bei za chipsi hadi "Mungu Hakosei" mgongoni mwa bajaji, kwa hiyo nikueleze yaliyonikuta.

Mkono unao, mkuu. Kinachonisumbua ni yale majani. Ya wapi yale? Kwetu mvua ni Desemba hadi Aprili, na miaka mingi haifiki milimita 600. Zikiisha, mbuzi anazunguka kwenye udongo mwekundu akitafuta vichaka. Wewe umesema unaishi Nkuhungu, hapahapa Dodoma. Huyo mwanakondoo umemtoa kwenye kalenda.

Sikucheki, maana nilifanya kosa hilohilo na kwangu lilikuwa kubwa zaidi. Kanisa fulani waliniagiza ubao wa Yohana 15, "Mimi ndimi mzabibu wa kweli". Nikafungua simu, nikaona mzabibu mzuri, nikaunakili: vichala vya zambarau, kilima cha kijani nyuma. Mimi niliyekulia Hombolo! Zabibu nimezipita kila siku nikienda shule, halafu naenda kuazima mzabibu wa Ulaya.

Rangi ikiwa bado mbichi, nikampigia mjomba kwa shida nyingine kabisa. Akasema tuongee jioni, yuko shambani anapogolea. Nikarudi kwenye ubao, na mstari niliokuwa nimeupanga kuuandika chini ni huu: "kila tawi lizaalo hulisafisha, ili lizidi kuzaa". Tangu Sunday school nilidhani kusafisha ni kuosha, kama mtu anavyofuta vumbi kwenye majani. Kumbe ni mkasi! Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kati ya mavuno na mavuno mkulima anapita na mkasi, shamba linabaki visiki na vijiti. Asiyejua akipita atasema limekufa. Tena ukikata, kidonda kinaweza kutoa maji, tone kwa tone. Mjomba husema mti unalia.

Halafu angalia, anayekatwa ni tawi lizaalo. Lile lenye matunda. Mwaka ule nilikuwa nimemzika baba, na maneno ya faraja niliyopewa msibani yote yalikuwa yamenipita pembeni. Huo mstari haukunipita. Nikachukua msasa, nikaondoa vichala vyote. Nikachora kisiki, waya, nguzo, udongo mwekundu, na tone moja likining'inia.

Wazee wa kanisa wakasema nimewachorea kuni. Nikawachorea ubao mwingine, ule wa kalenda wenye vichala, hela nilikuwa naihitaji. Mpaka leo upo ukutani kwao na watu wanaupenda, sina ugomvi.

Kwenye shairi lako ni hivyohivyo. "Mungu ni mwema" anaweza kuandika mtu yeyote, hata asiyeamini. Zaburi 23 ina "maji ya utulivu", nami miaka yote nilikuwa naona ziwa ambalo sijawahi kufika. Siku nilipojiuliza maji ya utulivu mimi nimeyaona wapi, jibu likawa korongoni kiangazi: unachimba mchanga, maji yanajaa taratibu yakiwa na tope, na huchoti. Unakaa. Nikaandika:

Nimechimba korongoni,
na kata i mkononi,
maji yamo mchangani,
nangoja, Bwana, yatue.

Si ubeti wa kushinda tuzo, najua. Lakini mizani nane kila mstari nimezihesabu, na bibi yangu aliposikia alicheka akasema, "Wewe ulikuwa unachota kabla hayajatua, tukawa tunakunywa mchanga."

Kama una nauli, nenda Kolo, kaskazini ya Kondoa mjini kwenye barabara ya Babati. Michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006 iko huko. Mimi nilienda kama fundi, kuangalia rangi. Ile myekundu ni ya udongo wenye chuma, na wanyama waliochorwa ni wa hapahapa: twiga, tembo, na pofu, yule swala mkubwa. Baadhi ya mapango wenyeji bado huyatumia kwa matambiko, kwa hiyo usiende kupiga kelele na kupanda ovyo kwa ajili ya picha ya simu.

Kuna aliyeuliza juu, na sisi Waislamu tunaokwepa kuchora viumbe? Mwenzangu wa kibandani ni Mrangi, Mwislamu, hachori hata kuku wa kwenye bango la supu, ananiachia mimi. Lakini akiandika hati za Kiarabu, naacha kazi namtazama. Na utenzi ni uwanja wenu kabla haujawa wetu, mmekuwa mkiufungua kwa Bismillahi karne na karne. Sioni mmepungukiwa nini.

Ule ubao wa kuni nilimpelekea mjomba, akautundika kwenye banda la shambani. Nilidhani atatoa chozi. Aliutazama sana, akasema, "Mwanangu, umekata chini mno, huu hauchipui. Macho yako wapi?" Macho ni pale panapotoka chipukizi, na kumbe kila kijiti nilikichora kitupu.

Jumamosi nilirudi na brashi, rangi na tina kidogo ya kuilainisha, nikaongeza macho mawili kila kijiti.