Usilipe ada ya kwenda COP, mdogo wangu. Njoo tusome

"Shikamoo dada. Kuna mtu ameniahidi beji ya COP31 kule Antalya nikitoa ada ya usajili. Nimeshaanza kuchangisha kwa ndugu. Nifanyeje?"

Ujumbe huu uliniingia wiki iliyopita kutoka kwa kijana anayesoma chuo hapa hapa Dodoma. (COP ni mkutano wa kila mwaka wa nchi za dunia kuhusu mabadiliko ya tabianchi, wa 31 ni huo wa Antalya, Uturuki, na beji ni kitambulisho cha kuingilia.) Marahaba mdogo wangu, na jibu nimeshakupa: usilipe hata shilingi, na waliokuchangia warudishie chao. Naandika hapa kwa sababu ujumbe wa namna hii umekuwa mwingi, na wengi wenu mnaniuliza mkiwa mmeshalizwa.

Sekretarieti ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi haitozi ada ya kushiriki mkutano. Mtu binafsi hajisajili mwenyewe. Kijana wa kawaida ana milango miwili: ateuliwe na serikali yake aingie kwenye ujumbe wa nchi, au ateuliwe na taasisi iliyokwisha kukubaliwa kuwa mwangalizi, yaani inayohudhuria bila kuamua. Taasisi hizo hupewa mgao wa beji, na mgao wenyewe ni mdogo, ndiyo maana beji moja hugawanwa, huyu wiki ya kwanza, yule ya pili. Anayekuuzia beji ni tapeli, hata kama amevaa suti na ana picha kumi alizopiga na mawaziri.

Lakini hilo la utapeli ni dogo. Kinachoniuma ni kwamba kijana yuko tayari kuuza mbuzi wa mjomba wake ili aende mahali ambapo hajui atafanya nini akifika. Nimepita huko, naomba nieleze.

Mimi ni mtoto wa Mvumi, mkoa huu huu wa Dodoma. Baba yangu analima uwele na mtama. Kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na katikati yake hukatika. Ikikatika wiki tatu Februari, uwele ukiwa ndiyo unataka kutoa masuke, mwaka mzima umekwisha. Nilipofika chuo na kusikia wasomi wanazungumzia kuhimili mabadiliko ya tabianchi, nilijua wanazungumzia shamba la baba. Nikajituma. Nikaandika, nikahudhuria semina zote za mjini, hadi taasisi moja ikanichukua kwenda Bonn, Ujerumani, kwenye vikao vya Juni. Vikao hivyo ndivyo vinavyopika rasimu za COP ya mwisho wa mwaka, ingawa wapiga picha hawavijali sana.

Siku ya pili nikaingia chumba cha majadiliano ya kuhimili. Waangalizi tunakaa nyuma, ukutani. Mbele kuna skrini, na kwenye skrini kuna aya, na aya imejaa mabano. Kilicho ndani ya mabano hakijakubaliwa. Watu wazima wenye shahada zao walibishana juu ya sentensi moja ya fedha tangu asubuhi, mabano yakawekwa, yakatolewa, yakarudishwa. Nilikuwa naandika kila kitu kwenye daftari. Nani kasema nini, nani kamuunga mkono, nani kanyamaza. Sijawahi kufurahia kazi kama siku ile.

Kiongozi wa msafara wetu akanigusa bega, akaniita nje. Alitaka nirekodi video fupi mbele ya nembo. Nikamwambia ngoja kikao kiishe. Akaniambia, nanukuu kwa sababu sijasahau hata neno moja, "Wewe hukuletwa kujadili. Umeletwa kuwa sura ya vijana." Nikarekodi. Tuliporudi nyumbani ripoti ikatoka, na humo ndani nikakuta maandishi ya daftari langu, aya kwa aya, chini ya jina la mtu ambaye hakuingia chumba kile hata mara moja. Niliuliza, nikajibiwa kwamba kazi ni ya taasisi. Mpaka leo ile picha yangu ya Bonn inapamba mabango yao, na mpaka leo nikiiona roho inaniuma.

Sikuacha. Nilirudi Dodoma nikasema nitafundisha vijana wawe watu wasioweza kugeuzwa kuwa sura tu.

Nilianza na chumba cha darasa cha kuazima, Makole, Jumamosi asubuhi. Walijaa siku ya kwanza. Waliposikia hakuna posho wala cheti, Jumamosi iliyofuata wakabaki wachache, na wale wachache ndio ninaojivunia leo. Semina za siku mbili hotelini, zenye bahasha na picha ya pamoja, zimetuharibia vijana wengi. Mtu anatoka na begi na kalamu, ukimwuliza kifungu cha 7 cha Makubaliano ya Paris kuhusu tabianchi kinasema nini, anacheka. (Ni kifungu cha kuhimili, na kwa sisi wa kanda ya kati ndicho cha kwanza kukisoma.)

Kazi yetu ya kwanza kila mwaka ni kuchagua ajenda moja. Moja tu. Mara ya mwisho tulichukua viashiria vya Lengo la Dunia la Kuhimili, yaani vipimo vya kuonyesha kama nchi zinaweza kuyastahimili mabadiliko ya tabianchi. Huko Dubai mwaka 2023 nchi zilikubaliana malengo kuhusu maji, chakula, afya, ikolojia, miundombinu, umaskini na riziki, na urithi wa utamaduni. Wataalamu wakatengeneza orodha ya viashiria 100 vya kupimia. Belém, Brazil, Novemba 2025, vikapitishwa 59, tena vya hiari, na ubishi haujaisha. Nikawaambia vijana: hivi viashiria vitakuja kujazwa na nani? Vitajazwa na mtendaji wa kijiji. Twendeni tukaone.

Tukapanda basi kwenda kijiji kimoja Bahi. Kituo cha kuchotea maji kinasimamiwa na mama mmoja, ana daftari la kurasa za mistari, jalada limeshashika mafuta. Safu ya kwanza tarehe, ya pili ndoo, ya tatu shilingi. Kuna kurasa ziko tupu kabisa, zina mstari wa kalamu tu kutoka juu hadi chini. Binti mmoja wa kundi letu akauliza, "Mama, hizi siku vipi?" Akajibiwa pampu ilikuwa imekufa. "Sasa watu walichota wapi?" Korongoni, wanafukua mchanga. "Na wale wa korongoni wanaandikwa wapi?" Mama akamtazama, akasema, "Mwanangu, hao nani atawaandika?"

Kwenye basi la kurudi yule binti hakuongea. Jumapili akaniletea ukurasa mmoja, kwa Kiswahili: kwamba kijiji kile kitahesabiwa kina maji kwa sababu bomba lipo, na miezi ambayo bomba limekufa haitaonekana popote. Tukaukaza, tukautafsiri, tukaupeleka kwa barua rasmi kwa wataalamu wanaohusika. Alipoalikwa kwenye kikao cha maandalizi akausoma kwa dakika mbili, na mtaalamu mmoja mkubwa akamwomba nakala. Hakuwa na fulana yenye maandishi, alikuwa na ukurasa. Nilikaa nyuma ukutani na machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Kazi ya pili ni mchezo wa majadiliano. Tunagawana: hawa Kundi la 77 na China, yaani nchi zinazoendelea, hawa Kundi la Afrika, hawa Umoja wa Ulaya, hawa nchi za visiwa vidogo, hawa nchi zinazouza mafuta. Ninabandika rasimu ukutani, mwenyekiti anashika kalamu ya risasi ya kuwekea mabano. Vijana hudhani watashinda kwa hotuba. Nawakumbusha kwamba tangu COP ya kwanza, Berlin 1995, nchi hazijawahi kupitisha kanuni ya kupiga kura, kwa hiyo kila kitu huamuliwa kwa maafikiano. Nchi moja ikikaza shingo, sentensi imekwama. Basi unajifunza kumfuata mwenzio wakati wa chai, kumwuliza tatizo lake hasa ni neno gani, na kurudi na sentensi ambayo wote wawili mnaweza kuimeza. Siku moja ubishi ulianza saa nne asubuhi na mlinzi akaja kutufungia mlango jioni, aya moja bado. Huo ndio ufundi wenyewe, nao unafanana na kikao cha mahari kuliko mkutano wa hadhara.

Tunabishana kwa Kiswahili kwanza. Najua vile vyumba vidogo huko nje vinaendeshwa kwa Kiingereza bila mkalimani, na Kiswahili hakimo kwenye lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Lakini kijana aliyeelewa jambo kwa lugha yake atalibeba kwenye lugha nyingine. Aliyekariri Kiingereza cha semina akiulizwa swali la pili anaanguka.

Sasa nisikilizeni wadogo zangu. Someni. Pakueni mchango wa taifa letu wa mwaka 2021, yaani ahadi ya nchi kuhusu tabianchi, ule unaosema Tanzania itapunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030 ikilinganishwa na hali ambayo hatua zisingechukuliwa, muusome wote, si muhtasari. Chagueni ajenda moja mkae nayo miaka, siyo leo masoko ya kaboni kesho jinsia keshokutwa bahari. Kisha someni tena. Jiungeni na YOUNGO, ambalo ndilo kundi rasmi la vijana kwenye mkataba huu, ni bure, na makundi yake ya kazi yanakutana mtandaoni, hivyo unaweza kuchangia tamko ukiwa Kikuyu au Ipagala hapa mjini na bando la buku. Andikeni. Mtu anayekuja na ukurasa ulioandikwa vizuri hafukuzwi kwa urahisi kama anayekuja na shauku.

Na sisi wa Dodoma tuna bahati tunayoichezea. Ofisi ya Makamu wa Rais, inayobeba mazingira na mabadiliko ya tabianchi, iko Mtumba. Bunge liko hapa. Kijana wa Kigoma anasafiri siku nzima kufikisha barua ambayo wewe unaifikisha kwa daladala. Kundi la Afrika la Majadiliano kwa 2025 na 2026 linaongozwa na Mtanzania, Dkt. Richard Muyungi. Fuatilieni matamko ya kundi hilo, mwone Afrika inaomba nini na inakataa nini. Wangapi kati yenu mmesoma hata moja? Lakini picha za Belém mmezijua zote.

Msiniambie haya mambo yako mbali. Tarehe 30 Novemba 2023, Dubai, nchi ziliukubali utaratibu wa kuanza kwa mfuko wa hasara na uharibifu, ule wa kusaidia nchi zinazoumizwa na maafa ya tabianchi. Siku tatu baadaye, tarehe 3 Desemba, tope la Mlima Hanang likashuka Katesh, mkoani Manyara, likaua makumi ya watu, mkutano ukiwa bado unaendelea. Watu wa Katesh ni jirani zetu, tunauziana nao vitunguu na ng'ombe. Nani anakaa kwenye chumba wanapoandika masharti ya nani alipwe, kwa ushahidi gani, baada ya muda gani? Mkikaa mnangoja wakala wa beji, atakaa mwingine.

COP32 itakuwa Addis Ababa mwaka 2027. Afrika, mlango wa jirani. Anayeanza kusoma leo atafika akiwa na jambo la kusema, na hata asipopata beji, ukurasa wake unaweza kuingia kwenye begi la anayekwenda.

Kundi jipya tutalianza mavuno yakishaisha, Jumamosi saa tatu, palepale Makole. Anayetaka kuja aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili kuhusu jambo moja lililobadilika kijijini kwao au mtaani kwao, aeleze amelijuaje, na nani mwingine ameliona. Umri usizidi miaka 30. Aliyeishia kidato cha nne anakaribishwa sawa na mwenye shahada. Nauli kila mtu ajitegemee, chai na maandazi tunachangishana.