Usianze na mama mkwe

Dada yangu, pole sana. Umeuliza kama umwambie mama mkwe kwamba unaishi na VVU, maana kuficha ARV kwenye kopo la vitamini na kuzimeza chooni kunakunyima usingizi. Mimi nasema usianze na yeye. Anza na mtu ambaye hujawahi kusikia siri ya mwenzake ikitoka kinywani mwake, labda ndugu yako wa tumbo moja. Na ukienda CTC, kliniki unakochukulia dawa, mwombe mshauri akuunganishe na kikundi cha WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU. Pale hakuna wa kukushangaa. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inamkataza mtoa huduma kutoa siri yako. Usingizi mwambie daktari pia: dolutegravir, mojawapo ya ARV, huwasumbua baadhi ya watu usiku, na anaweza kukuhamishia dozi asubuhi. Usiiache dawa, tafadhali.